Miaka kumi baada ya jamii kuporomoka: hatari ya riwaya itoke wapi kama si kwa majambazi?

Kalamu Pweke

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika riwaya ya kusisimua kuhusu watu sita wanaosafiri kwa lori, miaka kumi baada ya tauni iliyoua watu tisini na tisa katika kila mia. Wanaelekea kwenye mji unaosemekana kuwa bado una umeme. Nusu ya kwanza imekamilika, na marafiki niliowapa waisome wamelalamikia jambo lile lile: kila sura wanatokea majambazi wenye silaha, mapigano yanazuka, mmoja anajeruhiwa, safari inaendelea. Mmoja wao aliniambia kwamba kufikia sura ya saba aliweza kukisia ukurasa ambao majambazi wangetokea.

Sitaki kuiondoa hatari, kwa maana hadithi ya kunusurika isiyo na hatari ni ratiba ya safari tu. Ninauliza mambo mawili. Kwanza, baada ya miaka kumi, ni vitu gani vya ulimwengu wa zamani ambavyo bado vingefanya kazi, na ni vipi ambavyo vingekuwa vimekufa kiasi kwamba mhusika akivitumia msomaji mwenye ujuzi atacheka? Pili, ni hatari gani zisizo za bunduki zinazoweza kubeba sura nzima bila kumchosha msomaji?

Fundi wa Zamu

Nianze na lori, kwa sababu hilo ndilo litakalokwama mapema. Kama linategemea petroli iliyobaki kwenye matangi ya vituo vya mafuta, halitembei. Petroli ni mchanganyiko wa mafuta mepesi na mazito. Yale mepesi, ambayo ndiyo yanayowezesha injini kuwaka kwa urahisi, hutangulia kuwa mvuke na kupotea, na yanayobaki huungana na oksijeni yakawa ulimbo wa kahawia unaoziba mirija. Ikiwa imechanganywa na ethanoli hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ethanoli, ambayo ni aina ya pombe, huvuta unyevu wa hewani. Petroli ya kawaida huanza kuchoka ndani ya miezi kadhaa, na baada ya mwaka mmoja au miwili hakuna fundi atakayeitegemea. Dizeli huvumilia zaidi ikihifadhiwa mahali pakavu na pa baridi, lakini maji yakiingia tangini, vijidudu huota pale maji yanapokutana na mafuta, wakafanya utando unaoziba vichujio. Miaka kumi ni mingi mno kwa zote mbili. Matairi nayo hupasukapasuka kwa jua na hewa hata yakiwa yamesimama tu, na watengenezaji wengi hushauri yasitumike yakishapita miaka kumi tangu yalipotengenezwa.

Hata hivyo usilitupe lori lako. Liendeshe kwa gesi ya kuni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mafuta yalipoadimika Ulaya, mamia ya maelfu ya magari yalifungwa tanuri la chuma ambamo kuni huungua kwa hewa kidogo na kutoa gesi inayoweza kuzungusha injini ya petroli baada ya marekebisho machache. Hapo ndipo utakapopata sura zako bila jambazi hata mmoja. Tanuri linahitaji muda wa kupata moto kabla gari halijaondoka, kwa hiyo wahusika wako hawawezi kutoroka ghafla. Lazima waone hatari mapema au waikabili wakiwa wamesimama. Nguvu ya injini hupungua sana, na mlima ambao zamani dereva aliupanda huku akizungumza sasa unawalazimisha kuamua ni mzigo gani ushushwe na ni nani atakayetembea. Kuni lazima ziwe kavu, basi mvua ya siku tatu inawafunga mahali wasipopataka. Na gesi yenyewe imejaa kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala haina harufu: mtu akilala ndani ya kibanda kilichofungwa karibu na tanuri linalovuja, anaweza asiamke. Kifo cha namna hiyo katikati ya kitabu kitawatikisa waliobaki kuliko risasi, kwa kuwa hakuna wa kumlipizia kisasi, na kila mmoja atajiuliza ni nani aliyekagua viungio jioni ile.

Kuhusu umeme, wengi huandika taa zikizimika nyumba moja baada ya nyingine, na mimi hukereka kila nikisoma hivyo. Gridi, yaani mtandao mzima wa umeme, hudai kwamba umeme unaofuliwa ulingane na unaotumika wakati wote. Masafa yake, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo ni hertz 50 katika nchi nyingi na 60 Marekani, yakishuka kupita kiasi, mitambo hujitoa yenyewe ili isiharibike, na mmoja ukijitoa mzigo wake unaiangukia iliyobaki. Maeneo makubwa huzimika kwa mkupuo. Kinachobaki hai mwaka wa kumi ni paneli za sola, kwa sababu kwa kawaida hupoteza chini ya asilimia 1 ya nguvu zake kwa mwaka. Vinavyokufa mapema zaidi ni betri na vile visanduku vya kielektroniki vinavyoubadilisha umeme wa paneli ili ufae vyombo vya nyumbani. Kwa hiyo ulimwengu wako una umeme mchana na hauna kitu usiku. Pampu ya kisima inavuta maji jua likiwaka tu. Wingu zito la wiki nzima linakuwa tukio la kisiasa.

Msomaji Mkali

Kwa heshima zote kwa Fundi, sisi wasomaji hatununui riwaya ili tufundishwe kuunda tanuri. Nimewahi kuacha vitabu vya aina hii katikati kwa sababu mwandishi alijaza kurasa kumi kwa namna ya kuchuja maji, kana kwamba ananiandaa kwa mtihani. Hatari isiyo na uso haisisimui kwa muda mrefu. Njaa haina hila, haisemi uongo, wala haiwezi kubadili nia dakika ya mwisho. Mpe mwandishi adui mwenye akili. Tatizo la majambazi wake si kwamba wapo, ni kwamba wote wanafanana.

Mwalimu wa Nyakati

Msomaji Mkali amegusa penyewe kuhusu adui mwenye akili, ila nadhani adui huyo hupatikana kwa hesabu, na hesabu yenyewe huanzia kwenye sababu ya maangamizi.

Tauni ya Kalamu imewaondoa watu na kuviacha vitu. Katika miaka ya mwanzo, kila aliyebaki ana maghala, nguo, vyombo na nyumba zaidi ya anavyoweza kuvitumia, basi hana sababu ya kumuua mwenzake kwa kopo la chakula ilhali mtaa wa pili umejaa makopo yasiyo na mwenyewe. Mambo yangekuwa kinyume kama jamii ingeangushwa na njaa. Mlima Tambora, volkano ya Indonesia, ulipolipuka mwaka 1815, mwaka uliofuata ulikosa majira ya joto katika sehemu kubwa za Ulaya na Amerika Kaskazini, mavuno yakaharibika, na kwa kuwa watu wote walikuwa bado wapo, ghasia za kugombea nafaka zilizuka katika miji kadhaa ya Ulaya. Huko vinywa vilikuwa vingi na chakula kidogo. Mwandishi anayechagua tauni kisha akaijaza hadithi yake ghasia za njaa tangu mwezi wa kwanza amechanganya maangamizi mawili, na msomaji huhisi kasoro hiyo hata kama hawezi kuitaja.

Ikifika mwaka wa kumi, makopo mengi yameisha au yameoza, na sasa watu wanakula kinacholimwa. Hapa ndipo jambazi wa kawaida anaposhindwa. Mtu mzima anayeishi hasa kwa nafaka anahitaji takriban kilo 200 kwa mwaka, yaani magunia mawili ya kilo mia moja. Genge la watu arobaini linahitaji tani nane, na tani hizo lazima mtu azilime, azivune, azikaushe na kuzilinda dhidi ya panya. Kama genge linatembea kwa miguu, kila mwizi anabeba labda kilo 25, na akiwa na mzigo huo anakula karibu kilo moja kwa siku. Akiishi mwendo wa siku kumi kutoka alikoiba, atafika kwake akiwa amekula kilo kumi kati ya zile ishirini na tano. Haiwezekani basi genge likazurura nyikani miaka nenda miaka rudi huku likitokea popote mwandishi anapolihitaji. Lazima liishi jirani na wakulima, na lazima liwaache wakulima hao wakiwa hai, wakiwa na mbegu.

Jambazi anayeelewa hivyo huanza kuchukua sehemu badala ya kuchukua yote. Kisha huwazuia majambazi wengine wasimwibie wakulima wake. Kisha huajiri mtu wa kuandika nani ametoa nini. Baada ya miaka kumi, Kalamu, mtu wa kutisha kwenye njia ya lori lako ni mtoza ushuru aliyekaa darajani na daftari mkononi, mwenye adabu, anayeweza kueleza vizuri kwa nini anataka theluthi ya shehena yenu na kwa nini dereva wenu lazima abaki hadi msimu wa mavuno uishe. Nyuma yake kuna watoto wanaokula kwa sababu ya ushuru huo. Mpiganeni naye tuone msomaji atasimama upande gani.

Kuna na upande mwingine usiopaswa kusahauliwa. Watafiti wa majanga, hasa wale wa kituo kilichoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1963 na baadaye kuhamia Delaware, wamekuta mara kwa mara kwamba baada ya tetemeko au mafuriko watu wengi hawapagawi wala hawaporani. Wa kwanza kumfukua aliyefukiwa ni jirani yake, kabla waokoaji rasmi hawajafika. Msihamishe matokeo hayo moja kwa moja, maana waliochunguzwa walikuwa na ulimwengu mzima nje ya eneo la maafa uliokuwa ukiwaletea msaada. Mji uliozingirwa ni jambo jingine. Leningrad, huko Urusi, ilizingirwa na majeshi ya Ujerumani kwa siku 872, kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na humo wanasayansi wa taasisi ya mimea aliyowahi kuiongoza mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov walikufa njaa wakiwa wamezungukwa na akiba ya mbegu na nafaka ambayo walikataa kuila. Mji ule ule, majira yale yale ya baridi, ulikuwa na watu waliouawa kwa ajili ya kadi zao za mgao wa mkate. Mwandishi anayeonyesha upande mmoja tu kati ya hizo mbili amejipunguzia kazi.

Msomaji Mkali

Huyo wa daftari ninamnunua. Ila asiwe na hotuba ndefu.

Muuguzi wa Zamani

Nashangaa kwamba mazungumzo yamefika hapa na hakuna aliyegusa mwili wa binadamu, ambao ndio chombo cha kwanza kuharibika.

Mwaka wa kumi una maana ya pekee kitabibu. Chanjo ya pepopunda hupendekezwa kurudiwa kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo kinga ya watu wazima wa Kalamu inaelekea ukingoni, na watoto wote waliozaliwa baada ya tauni hawajachanjwa kabisa, si kwa pepopunda, si kwa surua, si kwa lolote. Mtu mzima anayekumbuka hospitali atachukulia mkwaruzo wa msumari kwa wepesi aliouzoea. Mtoto hajui kwamba ulimwengu uliwahi kuwa na wepesi huo. Tofauti hiyo ya vizazi viwili ndani ya lori moja ina mazungumzo mengi kuliko mapigano.

Dawa zilizobaki ni kamari. Tangu mwaka 1986 jeshi la Marekani, likishirikiana na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, limekuwa likipima akiba zake, na imeonekana kwamba dawa nyingi zilizohifadhiwa vizuri hubaki na nguvu miaka kadhaa baada ya tarehe iliyoandikwa. Maneno muhimu hapo ni zilizohifadhiwa vizuri. Vidonge vilivyokaa kwenye duka lililotobolewa paa ni habari nyingine, na mhusika wako hana njia ya kuvitofautisha kwa macho. Ana vidonge kumi na wagonjwa wawili: je, ampe mmoja vyote, au agawe dawa ambayo pengine imeshapungua nguvu? Sura nzima inaweza kukaa ndani ya swali hilo, na Msomaji Mkali hatalala.

Kuhara kutaua wengi zaidi ya vyote, hasa watoto, nako hutibika kwa vitu ambavyo vingethaminiwa kuliko dhahabu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Maji yenyewe yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu kama wako juu sana milimani. Usilieleze hilo kwa aya. Mwonyeshe mama akihesabu vijiko na sukari ikiishia kwenye cha nne.

Ninalotaka kukupa hasa ni mgonjwa wa kisukari, yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa. Waandishi humuua katika sura ya pili, na kwa kawaida wako sahihi, kwa sababu insulini ya dukani huhitaji ubaridi na haidumu zaidi ya miaka michache. Lakini kuna kisa cha kweli. Eva Saxl alikuwa mkimbizi kutoka Chekoslovakia aliyeishi Shanghai wakati Wajapani walipoukalia mji huo katika Vita Kuu ya Pili. Insulini ilipokosekana, yeye na mumewe walitengeneza yao kutoka kwenye kongosho (kiungo kinachotoa insulini) za nyati wa majini, wakifuata maelezo ya kitabu cha utabibu, wakaijaribu kwa sungura, kisha akajidunga mwenyewe. Alinusurika, na wagonjwa wengine wa kisukari mjini humo walinusurika kwa dawa hiyo hiyo.

Fikiria basi wasafiri wako wanakutana njiani na kijana mwenye kisukari cha aina hiyo, aliye hai, mwaka wa kumi. Hana haja ya kusema lolote. Uhai wake unathibitisha kwamba mahali fulani kuna watu wanaochinja mifugo mara kwa mara, wana vyombo vya kioo, wana ubaridi, na wana mtu anayesoma vitabu vya utabibu na kuvielewa. Hiyo ni dalili ya mji wako wenye umeme, nzuri kuliko ramani yoyote iliyochorwa kwa damu. Pia ni siri ambayo kijana huyo ana kila sababu ya kuificha, kwa sababu dozi zake ni chache na hajui ninyi ni nani.

Kalamu Pweke

Ninawashukuru nyote. Genge la sura ya tatu na la sura ya tano nimeshayafuta, la sura ya saba limekuwa daraja lenye mtoza ushuru, na kijana wa Muuguzi ameingia moja kwa moja. Lori litapata tanuri, ingawa itabidi niandike upya kila mahali walipotoroka kwa kasi, na hapo palikuwa pengi.

Limebaki swali moja, nalo ni la Fundi. Mji wenyewe. Nilikuwa nimeupa bwawa kubwa la zamani la kufua umeme, lenye kuangaza mji wa watu elfu mbili. Je, watu elfu mbili wanaweza kuendesha bwawa kama hilo kwa miaka kumi?

Fundi wa Zamu

Maji ndiyo chanzo bora ulichoweza kukichagua, kwa sababu hayahitaji mafuta na mto hauishi. Ila bwawa kubwa halikufai, na sababu si ile ambayo wengi wangeitaja. Wengi wangesema watu wako hawatoshi kulitunza, jambo ambalo ni kweli: ukuta unahitaji kukaguliwa, milango ya kupunguzia maji lazima ifunguke mafuriko yakija, na beringi za mashine zinahitaji vilainishi safi ambavyo hakuna anayevitengeneza tena. Shida kubwa zaidi ni kwamba mashine iliyoundwa kulisha miji mikubwa haipendi kulisha watu elfu mbili. Ikiendeshwa kwa sehemu ndogo sana ya uwezo wake, maji hupita vibaya kwenye mapanga yake, mashine hutetemeka, na chuma huliwa vishimovishimo mpaka mapanga yenyewe yanaharibika.

Wape mtambo mdogo wa kilowati mia kadhaa, wa mto unaotiririka, usiotegemea ziwa. Hapo watu wachache wenye ujuzi wanatosha. Kazi yao ya kila siku ni ya kuchosha kuliko unavyodhani: kuondoa majani, matawi na mizoga kwenye chujio la chuma mahali maji yanapoingilia, usiku na mchana, kwa sababu chujio likiziba mashine inakosa maji. Msimu wa mafuriko kazi hiyo huua watu. Koili za jenereta zikiungua, zinaweza kusukwa upya kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye mashine nyingine, lakini waya huo unahitaji varnishi ya kuukinga ili umeme usivuje, na fundi mwenye mikono ya kuifanya kazi hiyo ni mmoja kati ya maelfu. Kama miongoni mwa wasafiri wako sita yumo anayejua kusuka koili, mji utamtaka yeye, na huenda usiwatake wengine watano.

Kuna jambo jingine litakalokufaa. Umeme wa mtambo kama huo lazima utumike papo hapo unapofuliwa. Matumizi yakishuka ghafla, mashine huongeza kasi mpaka iharibike, isipokuwa kuna kifaa cha kupunguza maji au mzigo wa kumeza ziada. Baada ya miaka kumi, kile kifaa cha kudhibiti kasi kinaweza kuwa kimekufa, na mafundi wakawa wanategemea mzigo: majiko, matangi ya kuchemshia maji, na taa ambazo haziruhusiwi kuzimwa. Mji wako basi haung'ai usiku kwa sababu ya utajiri. Unang'aa kwa sababu hauwezi kuzima, na kila mtu aliye mlimani ndani ya mwendo wa siku mbili anauona, pamoja na bwana wa daftari. Wanaoishi humo wangependa sana kuwa gizani.

Amua mto una maji kiasi gani wakati wa kiangazi na yanashuka mita ngapi, kisha uje tukokotoe kilowati. Ukizipata hizo, idadi ya nyumba na taa itajipanga yenyewe, na ninashuku watu elfu mbili watakuwa wengi mno.